Kikombe Kilichogundishwa

Mke wangu Vernelle hawezi kupita takataka akaziacha. Tangu tuanze kutembea kando ya Ziwa Lottie, jioni baada ya jioni, anabeba mfuko mweusi na koleo refu la kuokotea, na hakuna kopo la bia wala kifuniko cha chupa kinachomponyoka. Mimi humwambia, "Daktari kakutuma utembee, hajakuajiri ufagie." Yeye hunijibu, "Tembea mzee, punguza domo."

Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa moyo. Daktari alisema atembee kila siku, polepole, jua likishapoa. Na hapa kwetu Florida jua halipoi mpaka likaribie kuzama, kwa hiyo tulikuwa tunaingia kwenye hifadhi ya kaunti wakati wenye mbwa na wenye baiskeli wanatoka. Njia yenyewe ni nyembamba, huku maji, huku vichaka. Desturi ya pale ni kwamba ukisikia mtu nyuma yako ana mwendo kuliko wewe, unasogea pembeni unampisha. Kwa mwendo wa Vernelle, tulikuwa tunawapisha hata vikongwe.

Nilikuwa na hofu, nisidanganye. Usiku nilikuwa nalala nasikiliza pumzi zake. Mimi sijui kukaa kwenye nyumba ile bila sauti ya Vernelle kunigombeza.

Basi jioni moja tulifika kwenye kona ambapo njia inaacha maji na kupita chini ya miti ya mialoni, ile yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini. Vernelle akatoka njiani, akainama.

"Hebu ona uchafu huu. Watu wamekuja kula hapa wakaacha na vyombo."

Nilitupa jicho mara moja tu, maana pale kuna mamba mkubwa na macho yangu yalikuwa majini. Niliona kombe nyeupe za pwani, yale magamba ya chaza, na pwani iko mbali na sisi. Kioo cha taa. Saa ya mezani iliyoliwa na kutu. Na kikombe cheupe chenye maua ya bluu, kimevunjika vipande vitatu.

"Mfuko umejaa," akasema. "Vingine nitavirudia. Hiki nakibeba, kizuri hiki, nitakigundisha."

Vernelle hukarabati vyombo kama wanawake wengine wanavyofuma. Kabla hatujala chakula cha jioni kikombe kilikuwa kizima juu ya meza, nyufa huzioni mpaka uweke miwani. Asubuhi akakinywea chai.

Jioni iliyofuata tulikuwa tumekaribia kona ile ile. Nikasikia changarawe nyuma yetu.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Hatua za mtu anayeburuta miguu kidogo, lakini anakuja. Vernelle akasogea pembeni. Nami nikasogea. Tukasubiri.

Hakupita mtu.

Ila ilipita harufu. Ugoro, na mafuta ya taa. Na hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

"Unampisha nani?" nikanong'ona.

"Si huyo mama."

"Mama gani, Vernelle?"

Alikuwa anaangalia mbele, macho yake yanafuata kitu taratibu kuelekea kwenye miti. "Ameshapita," akasema, na akaanza kutembea.

Tangu siku hiyo mke wangu hakupumzika tena njiani. Yule aliyekuwa anakaa kwenye kila benchi, anashika kifua, sasa alikuwa ananiacha. Namuita, hageuki. Nikiangalia kule mbele naona kichwa chake kimeinama upande mmoja, midomo inacheza, kama mtu anayepiga soga na mwenzake mfupi. Mfuko wa takataka ulikuwa mtupu. Alikuwa anayapita makopo.

Hilo ndilo lililonitisha kuliko harufu.

Nikapiga simu kliniki. Muuguzi akafurahi kusikia kwamba mgonjwa anatembea vizuri, akanipongeza. Lakini muuguzi hakuwa amemshika mikono. Ilikuwa ya baridi, na nje joto linayeyusha lami. Midomo ilikuwa inaingia rangi ya majivu. Kuku hataki, mahindi hataki, anataka chai tu, na chai hiyo kwenye kikombe kile tu.

"Najisikia mwepesi, Thad," aliniambia. "Huyo mama anasema ni karibu. Hakuna hata kilima."

Nilitoka uwani nikampigia shangazi yangu Ozella. Familia ya baba yangu iliishi upande ule wa ziwa kabla kaunti haijanunua ardhi na kuweka mabenchi. Mama alinihamishia mjini nikiwa bado wa kubebwa, kwa hiyo makaburi ninayoyajua mimi ni ya majani yaliyokatwa na maua ya plastiki. Nikamsimulia shangazi yote.

"Kombe nyeupe," akasema. "Na taa. Na saa."

"Ndiyo, shangazi."

"Hiyo si takataka, mwanangu. Hayo ni makaburi yetu. Mtu akifa, tunachukua chombo alichokitumia mara ya mwisho, tunakivunja, tunakiweka juu yake. Hakivunjiki chenyewe. Tunakivunja ili kifo kikomee kwake, kisirudi nyumbani kuchukua mwingine." Nikamsikia akivuta pumzi. "Na nyie mmekiunganisha."

"Anatembea naye, shangazi. Amempa nguvu."

"Hajampa chochote. Anamsindikiza."

Nikakaa kwenye ngazi.

"Kirudishe," akasema. "Kivunje pale pale kilipotoka. Na usiondoke na kitu. Chochote utakachokikuta pale, ni cha pale. Unanisikia, Thaddeus?"

Vernelle alikuwa amelala kwenye kochi, viatu vya kutembelea tayari miguuni. Nikakichukua kikombe kwenye meza, bado kina uvuguvugu, nikaondoka.

Nilipofika chini ya mialoni jua lilikuwa linamalizikia kwenye maji. Vyura walikuwa wanapiga kelele ziwa zima. Nikaweka kikombe kwenye zile kombe, nikaokota jiwe.

Nikapiga.

Vyura wote wakanyamaza.

Kilipasuka kwenye nyufa zile zile, vipande vitatu. Nikainama kuvipanga, namuomba Mungu na namuomba radhi huyo mama kwa pamoja. Ndipo nikakiona kingine. Kilikuwa kimekaa katikati, kati ya taa na saa.

Kikombe cheusi, kishikio kimemeguka.

Kikombe changu.

Kile ambacho asubuhi ile nilikuwa nimekinywea kahawa na kukiacha kwenye sinki. Nilikijua kwa kishikio, maana nilikimegua mwenyewe. Ndani bado kulikuwa na alama ya kahawa. Na ukiacha kishikio, kilikuwa kizima.

Kwaru... kwaru...

Changarawe, nyuma yangu. Ugoro. Mafuta ya taa. Sikugeuka. Hatua zikaja, zikasimama karibu, kama mtu anayesubiri dukani aliye mbele yake amalize.

Nilielewa, na sikutaka kuelewa. Mlango wa kifo ulikuwa wazi kwa siku zote zile, na zamu yangu ilikuwa imeshapangwa. Siwezi kukibeba kikombe, ni cha pale. Nikikiacha kizima, basi kifo kitaanza kwangu na kitarudi nyumbani kwa aliyebaki. Na aliyebaki ni mmoja tu, amelala kwenye kochi na viatu miguuni.

Kikivunjika, kifo kinakomea kwangu.

Nililia pale, mzee mzima, na jiwe mkononi. Nilitamani sana kukimbia. Nilitaka miaka yangu. Nilitaka kwenda kuvua samaki na kugombezwa.

Halafu nikapiga.

Nyumbani nilimkuta Vernelle amesimama mbele ya jokofu, mlango wazi, anahema, kashika kifua.

"Umemaliza kuku wote peke yako?" akaniuliza. "Na nani kanivalisha viatu?"

Nikamshika mikono. Ilikuwa ya moto. Nikamkaangia mayai, akala yote na kuniambia nimezidisha chumvi.

Nani alikipeleka kikombe changu pale? Pengine Vernelle mwenyewe, mchana ule nikiwa nimesinzia, ndani ya mfuko wake, akiwa hajijui. Sijamuuliza. Yeye ndiye aliyeuliza kiko wapi, nikamwambia kimeniteleza.

"Na ulivyokuwa unakipenda," akasema.

Bado tunatembea, daktari hajasema tuache. Vernelle amerudia mwendo wake wa konokono, anakaa kila benchi, anaokota kila kopo, ila akiona kombe nyeupe anazunguka mbali. Jana tulifika kwenye daraja la mbao, yeye kaachwa nyuma anahangaika na kifuniko cha chupa. Mbao zikalia, karibu na kisigino changu kabisa, na yeye alikuwa mbali kule.

Nikasogea pembeni. Nikasubiri.

Hakikupita kitu.

"Thad," akaniita, anakuja na mfuko wake, anahema. "Unampisha nani?"

"Nakusubiri wewe," nikamwambia.