Ukuta wa Nyuma

Mumewe alikuwa anapaka rangi mfululizo bila kuomba chai, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu anayemjua. Mama Chiriku hakushtuka. Alifurahi.

Jumamosi ile walikuwa wameamua kupaka nyumba yao wenyewe, kwa sababu fundi aliwazungusha wiki nzima, leo nakuja, kesho nakuja, mpaka simu yake ikawa haipatikani. Waligawana kuta. Yeye alichukua wa pembeni, wenye dirisha la jikoni. Mumewe akachukua wa nyuma, mrefu, usio na mlango. Kona iliwatenganisha, hawakuonana, ila aliisikia rola ya mwenzake. Shwaa, ikipanda. Shwaa, ikishuka.

Kazi haikumchosha kama Chiriku alivyomchosha. Alikuwa kitindamimba, ana miaka minne, na alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukufungwa ila akilala, na hata akilala alinong'ona. Asubuhi alitia mkono kwenye ndoo ya rangi, akaogeshwa. Akarudi, akaikalia trei ya rangi, akaogeshwa tena. Sasa alikuwa amesimama nyuma ya mama yake anauliza kama ukuta nao unahisi baridi.

"Baba Chiriku," mama aliita kuelekea kwenye kona, "umefika wapi?"

"Nimepita nusu," sauti ya mumewe ikajibu.

"Leo umeamkia upande gani wewe? Haya, ukimaliza huo ukuta kabla jua halijazama, omba chochote, nitakupa."

Rola ikasimama.

"Nipe mtoto."

Wakati huo Chiriku alikuwa anachovya kandambili kwenye ndoo. Mama yake alimpokonya, rangi ikamrukia machoni.

"Mchukue," alisema, akitafuta kitambaa kwa kupapasa. "Mchukue kabisa, tangu asubuhi amenimaliza."

"Nimekubali," ikasema sauti, na rola ikaanza tena, kwa kasi zaidi.

Alikuwa bado anajifuta jicho geti lilipolia. Mumewe aliingia na ndoo mpya ya rangi begani, jasho linamtiririka, ameanza kulalamika kabla hajafika.

"Duka la karibu limefungwa, nimekwenda mpaka kule sokoni. Na yule muuzaji, mdomo wake na wa Chiriku, bora wa Chiriku."

Mama Chiriku hakucheka. Alikuwa anasikiliza. Shwaa. Shwaa.

"Umeondoka saa ngapi?"

"Ulipokuwa unamwogesha mtoto. Nilikuaga mlangoni, hukunisikia?"

"Mara ya kwanza au ya pili?"

"Kwani ameogeshwa mara mbili?"

"Baba Chiriku," alisema kwa sauti ya chini, "nani yuko nyuma ya nyumba?"

Mumewe alitaka kutania. Kisha naye akasikia. Aliteremsha ndoo taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, na wakakunja kona wakiwa wameshikana mikono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa muda mrefu.

Hapakuwa na mtu. Rola ya mumewe ilikuwa kwenye trei, imekauka mpaka imekuwa ngumu. Lakini theluthi mbili za ukuta zilikuwa zimepakwa, sawasawa, bila tone chini, bila alama ya mkono, na walipokuwa wanatazama, mstari mwingine mpana wa rangi mbichi ulipanda wenyewe kutoka kwenye msingi hadi chini ya paa, ukang'aa. Haukunuka rangi. Ulinuka nywele zilizoungua, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya tope la kisima kilichofukiwa.

"Mama Chiriku," mumewe alinong'ona. "Mtoto."

Chiriku alikuwa amewafuata. Alisimama ameinua uso, akitazama mahali juu ya ukuta, juu kuliko kichwa cha mtu yeyote mrefu. Hakuuliza kitu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, na mama yake alitambua kwamba hajawahi kumwona mwanawe hivyo, macho wazi na mdomo umefungwa.

Walimpigia simu shangazi. Alikuwa shangazi yake baba Chiriku, mwanamke aliyewapunga watu wenye majini maisha yake yote mpaka magoti yalipomkatalia kukaa chini. Alisikiliza, akauliza kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Nani aliyesema kwanza, nyie au yeye?"

"Mimi," alisema mama Chiriku. "Nilidhani ni mume wangu."

"Na neno mchukue ulilitamka?"

"Nilitania, shangazi. Nilikuwa nimechoka."

"Wao hawajui utani, mwanangu. Wanajua kukubaliana tu. Jua liko wapi huko?"

"Linagusa paa la jirani."

"Basi usinililie, hatuna nafasi. Anachopaka, kwangua. Likizama hajamaliza, mtoto si wake."

"Tukikimbia naye je?" mumewe akaingilia.

"Mtakimbia na kiwiliwili."

Mama Chiriku alichukua skrepa waliyokwangulia rangi ya zamani na kuanza. Mumewe alikaa chini na mtoto mapajani, simu imewekwa spika kwenye majani karibu yake. Rangi ilitoka kwa magamba, ikamwingia kwenye kucha, na kila alipokwangua kipande, upande wa kushoto mstari mwingine ulipanda, shwaa, bila haraka, kama mtu anayejua muda alionao, kwa hiyo akaiacha rangi iliyokwisha kupakwa akahamia mbele, pale mstari mpya ulipokuwa unaanzia, akawa anakwangua na huku unapakwa, skrepa ikipita ndani ya kitu kilichokuwa laini kuliko rangi na chenye joto, na kila mara skrepa ilipopita alisikia pumzi karibu na sikio lake, pumzi ya mumewe kabisa, ile ya kazi, ilhali mumewe alikuwa nyuma yake amekaa anamwambia kwa kunong'ona kwamba mtoto anakuwa mwepesi, mama Chiriku, anakuwa mwepesi, sasa ni kama nimeshika nguo, na yeye hakugeuka, kwa sababu alijua akigeuka mkono utasimama, na mkono ukisimama basi, na mabega yalikuwa yanawaka na jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa na kubaki wekundu tu, na ukuta ulikuwa umesaliwa na ukanda mwembamba pembeni ya bomba la maji ya mvua, na hapo ndipo alipoweka mwili wake wote, shavu kwenye ukuta, akikwangua kwa skrepa na kwa kucha za mkono mwingine.

Wekundu ukazima. Rola ikanyamaza.

"Shangazi," aliita. "Limezama."

"Amemaliza?"

"Bado. Kimebaki kipande kama kiganja."



"Kiganja tu?"

"Kiganja tu. Tumeshinda, si ndivyo?"

"Hawezi kumchukua," shangazi alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mzee. "Lakini kibarua akikatishwa kazi hulipwa alichokifanya. Hata wewe ungedai. Hicho kiganja cha mtoto ndicho chenu, kingine chote ni chake."

Usiku Chiriku alilala bila kunong'ona. Asubuhi alikula alipolishwa, alisimama aliposimamishwa. Mama yake alishinda Jumapili nzima akiukwangua ukuta, na chini ya rangi alikuta rangi, na chini yake rangi, zote mbichi, mpaka mumewe alipomtoa skrepa mkononi kidole kimoja kimoja.

Ilikuwa jioni hiyo walipokijua kiganja chao. Jua likiwa linagusa paa la jirani, Chiriku alitikisa kichwa kama mtu aliyetolewa majini na kuanza kuongea, moja kwa moja, bila salamu, habari za paka wa jirani. Jua lilipozama alinyamaza katikati ya neno. Jumatatu, wakati uleule, akaendelea kutoka kwenye neno lile.

Mama Chiriku aliomba kazini awe anatoka mapema. Alisema mtoto yuko kwenye matibabu, msimamizi wake hakuuliza zaidi. Kila jioni anaweka kiti nje, anampakata, hampigi busu wala hamhoji, maana vyote hivyo vinakula muda.

"Halafu paka akapanda kwenye tangi," Chiriku alisema Alhamisi, akimchezea mama yake kifungo cha blauzi, "halafu akaona ndege, halafu yule ndege aka..."

Giza likaingia. Mama yake alimfuta mdomo, akambeba kwa mkono mmoja, kwa kuwa hakuna uzito wa kuhitaji miwili, na akaingia ndani akilirudia lile neno la mwisho, ili kesho ajue wanaanzia wapi.