Karibu ya Shimoni

Liwali Mumtaz Pasha alinyanyua kikombe cha kahawa, akapiga funda moja, kisha akatia vidole viwili mdomoni kutoa kitu. Unywele. Mweupe, mlaini, mrefu. Akauvuta, ukaja. Akauvuta tena, ukazidi kuja, unateleza kama kamasi, mpaka makarani wa baraza wakageukia ukuta wasitapike. Ncha yake ilipotoka kooni, ilikuwa imeshika kipande kidogo cha ngozi iliyochemshwa.

Mlinzi wake Dursun, alikuwa amesimama mlangoni na fimbo ya kichwa cha fedha.

Kazi ya Dursun ilikuwa neno moja. Kila Pasha alipotoka chumbani, yeye alitangulia akipaza sauti: "Destur!" Pisheni njia. Na wakuu wa wilaya, na watoza kodi, na wazee wa vijiji waliokuja kulilia mashamba yao, wote walijibana ukutani kama nguo zilizoangikwa. Lakini wanawake wa mji wa Bozhisar walikuwa na neno hilohilo kwa kazi nyingine. Walilinong'ona mlangoni mwa choo, na kabla ya kumwaga maji ya moto, ili wale wa chini, majini, wapishe pamoja na watoto wao. Jumba la serikali lilijengwa juu ya hamamu ya kale, nyumba ya kuogea. Maliwali walikuja wakaondoka, mmoja akiacha taa za barabarani, mwingine shule, mwingine akiondoka na mazulia. Neno lilibaki.

Mumtaz Pasha ndiye aliyeligombania. Siku aliyowasili alimsikia dobi mmoja akisema "Destur" chooni, na punde Dursun akalipaza mbele yake. Karani mmoja akachekea puani. Kesho yake amri ikasomwa mkoa mzima, toka makao makuu hadi kijiji cha mwisho mlimani: neno lile ni la Liwali peke yake, na atakayelitamka shimoni atachapwa hadharani.

"Haya, tujisaidie kimyakimya," makarani walitaniana. "Ukibanwa, andika maombi, bwana. Usisahau muhuri."

Wanawake wakanyamaza. Miongoni mwao alikuwa Hajer, mke wa Dursun, aliyefua nguo za Pasha huku mimba imemfika kifuani. Alichemsha mashuka, akainua sufuria, akafumba mdomo, akamwaga maji kwenye tundu la mfereji jikoni mwa jumba. Chini kukalia kitu.

"Kama paka," alimwambia mumewe jioni. "Paka aliyefundishwa kusema mama."

Ndipo kahawa ikaharibika. Ndipo harufu ikapanda, harufu ya supu iliyosahauliwa juani, ikaingia kwenye mikate, kwenye ndevu, kwenye wino. Na siku moja Dursun alipopaza "Destur!" ukumbini, sauti ya kike, laini, yenye majimaji, ikaitika kutoka jikoni:

"Karibu."

Juma hilo Hajer akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Dudu. Alizaliwa mzima. Lakini kila alfajiri walimkuta amelowa ute, na malengelenge yameota pasipo moto, kwanza nyayoni, kisha magotini, kisha mapajani, na yalipopasuka ngozi ilibanduka nyembamba kama utando wa maziwa. Hawakuwahi kuiona ilikokwenda.

Bibi Gulsum, mama yake Hajer, alilinusa blanketi la mtoto akalitupa mbali.

"Mkweo nakwambia, Dursun. Mmemuunguza mtoto wa mtu. Nenda kaombe radhi kabla malengelenge hayajafika kifuani."

"Nitachapwa, mama."

"Chapwa basi! Hiyo ngozi yako si nene?"

Akaenda jikoni mchana kweupe, wapishi wamekwenda kuswali. Alipiga magoti kwenye sakafu iliyonata, akashusha mdomo karibu na tundu.

"Destur," alinong'ona. "Tusameheni. Hatukukusudia."

Kitu kikalamba ukingo wa chuma wa tundu kwa ndani.

"Mwanangu amebaki bila ngozi," ilisema sauti. "Analia akiguswa na upepo. Nimvishe nini?"

"Chochote. Ila mwanangu niachie."

"Na neno hilo si lako. Amri tumeisikia hata huku. Mwenye neno ndiye aje."

Dursun akaenda moja kwa moja kwa Pasha, akaanguka miguuni pake.

"Pasha wangu, mwanangu anachunwa yu hai. Njoo uwaombe radhi, neno moja tu."

"Nimwombe radhi nani? Mfereji?" Pasha alikuwa akijichokonoa meno kwa leso, akitoa unywele mwingine. "Sultani amenituma kutawala mkoa, si kubembeleza mavi!"

Dursun alitazama chini. Alipoinua uso, alikuwa ameshaamua.

"Basi njoo uwaamrishe, Pasha wangu. Wenyewe wamekiri neno ni lako."

Hilo lilimpendeza Pasha. Akavaa koti la nishani, wakashika njia ya jikoni, mpishi akimnong'oneza mwenzake, "Leo anakagua idara ya chini." Mlangoni Dursun alisimama wima, akavuta pumzi, akapaza kwa sauti yake yote: "Destur!"

"Karibu," ikaitika sauti.

Na Dursun akapisha njia.

Pasha akainama juu ya tundu lisilozidi sahani, akafungua mdomo atoe amri, na kutoka tunduni ukapanda mkono mweupe uliovimba, kucha zimelegea, ngozi ikining'inia kama mkono wa shati lililolowa, ukamshika taya ya chini kwa upole wa mama anayemlisha mtoto, ukavuta, naye akaenda, kichwa kwanza, kisha mabega ambayo hayakupaswa kupita lakini yalipita, kwa mlio wa kuku anayevunjwa mifupa, huku nishani zikikwaruza chuma moja baada ya nyingine, na miguu ikipiga sakafu, na mafuta ya njano yakifoka pembeni, mpaka kikabaki kiatu kimoja na ile harufu, ambayo sasa ilikuwa na utamu ndani yake.

Dursun akakimbia nyumbani.

Dudu alikuwa amelala. Hana lengelenge hata moja. Ngozi yake iling'aa, laini, nzima toka utosini hadi kidoleni. Hajer alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Amenyonya mpaka nimeumia! Mshike, mshike mwanao!"

Makarani waliyaandikia makao ya Sultani kwamba Pasha amekufa kwa homa. Akaja liwali mpya, mtu mpole, akaifuta ile amri. Wanawake wakarudia kunong'ona, na Dursun alipopaza sauti ukumbini hakuitikiwa na yeyote. Akaanza kulala usingizi.

Kisha mfereji wa jikoni ukaziba. Dursun akatumwa auzibue. Alichokonoa kwa fimbo, akanasa kitu kizito, akakivuta taratibu, kikaja kinateleza, kinaendelea kuja: ngozi, nzima, yenye ndevu za Pasha na vidole vitupu, imekunjwa vizuri kama nguo inayorudishwa dukani. Mabegani ilikuwa imekunjwakunjwa na kubanwa kwa nyuzi za nywele nyeupe, kama mtu alivyojaribu kuipunguza, akashindwa.

Ilikuwa kubwa mno. Haikumtosha yule mtoto wa shimoni.

Dursun alitembea hadi nyumbani, mikono ikinuka. Kutoka mlangoni alimwona Hajer amekaa dirishani, anaimba, mtoto yuko titini. Akasimama kizingitini. Ulimi ulijua neno moja tu.

"Destur," alinong'ona.

Mtoto akaacha titi. Akageuza kichwa, taratibu, maziwa yakimtiririka kidevuni.

"Karibu," alisema.