Tembo na Abebe Gogo

Hapa Mtawanya, ukisema unakwenda sinema, watu wanajua unakwenda kumsikiliza Yolanda. Filamu huja na Kichina au Kikorea chake. Yolanda hushika kipaza sauti, na waigizaji wote huanza kusema Kiswahili. Jenerali hukoroma kwa sauti yake. Mtoto hulia kwa sauti yake. Hata helikopta hunguruma kooni mwake.

Mumewe, Arsenio, hukaa mlangoni mwa banda lao la video akipokea viingilio. Hajawahi kuchoka kumsikiliza. "Huyo ni mke wangu," huwaambia watazamaji, kana kwamba hawajui.

Lakini Arsenio alikuwa na udhaifu mmoja. Alimwogopa afisa wa kodi kuliko nyoka. Akisikia maafisa wako mtaani, alizima spika, akafunga mlango, akatorokea uani.

"Wale wana kompyuta na sheria," alisema. "Sisi tuna nini? Ni vita vya mshale na helikopta. Dawa yake ni mbio."

Siku moja wakaletewa makadirio ya kodi. Arsenio alisoma, akakaa chini. Kwa fedha ile wangelazimika kuuza projekta. Na bila projekta, Yolanda angemsemea nani?

"Nilikwambia, Mama Ines! Tuhamishie banda Mnazi Bay. Watutafute huko!"

"Kwa spika zako zile, watakusikia hata ukihamia Msumbiji," Yolanda alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Bibi yangu Lucinda alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi. Mreno alikuwa na ndege. Bibi hakuwa na hata gobore. Unajua kilichomwokoa?"

"Mbio."

"Waliokimbia ovyo walionekana kutoka juu, wakapigwa. Bibi aliuliza mahali mto unapovukika kwa miguu. Akapita hapo. Baba Ines, mshale huangusha helikopta kwenye filamu zetu tu. Vitani, mnyonge huokolewa na kujua njia. Kesho naenda kuuliza njia."

Arsenio alimtazama. Akaona haya kubaki nyumbani.

Kesho yake walipanda bajaji hadi ofisi ya kodi mjini. Afisa aliyewapokea aliitwa Pendo.

"Tumekuja kwenu mara nyingi, mlango umefungwa," alisema Pendo. "Basi tulikadiria kwa tulichokiona siku mlipoonyesha mechi ya watani wa jadi. Watu walijaa hadi barabarani."

Arsenio aliruka. "Mechi hiyo ni ya msimu! Siku nyingine viti vinatazamana vyenyewe!"

"Na hilo angeniambia nani, kaka, nawe umetorokea uani?"

Yolanda akauliza, "Dada, njia ni ipi?"

"Kodi ya mapato hufuata kipato," Pendo alieleza. "Mwenye kingi hulipa zaidi. Mwenye kidogo hulipa kidogo. Aliye chini ya kiwango cha sheria hatozwi kodi hiyo. Lakini usiposema unachopata, tutakukadiria kwa macho. Makadirio yakizidi, una haki ya kuomba yapitiwe upya. Andika barua sasa, kabla muda haujapita. Nami nitakuja kuona siku ya kawaida."

Waliandika barua, na Pendo akaja alasiri moja, watu wakiwa mashambani wanapalilia mikorosho. Bandani walikuwamo watazamaji wachache tu. Kwenye filamu, wanakijiji wenye mishale walikuwa wamezingirwa na helikopta. Jenerali alishuka, akapanua mdomo. Yolanda akamsemea kwa sauti nzito:

"Kila nyumba itanilipa sawa! Ya tajiri na ya mjane!"

Mpiga mshale mmoja akasimama. Sauti ya Yolanda ikapanda naye:

"Tembo na abebe gogo, siafu abebe chembe!"

"Mwambie huyo!" akafoka mvuvi mmoja kutoka kiti cha nyuma.

Pendo alicheka hadi akafuta machozi. Akamnong'oneza Arsenio, "Maneno hayo yamo kwenye filamu kweli?"

"Sasa yamo," alijibu Arsenio, kifua mbele.

Makadirio yalipitiwa upya, yakashuka. Arsenio alilipa kwa mkono wake mwenyewe, na projekta ikabaki ukutani. Sasa kila wakifunga banda, huandika mauzo ya siku hiyo, siku ya mechi na siku ya viti vitupu.

Majuzi vijana walikuja mbio. "Baba Ines! Maafisa wa kodi wako mtaani!"

Arsenio akaongeza sauti ya spika. Akafungua mlango wote.

Pendo alikuwa akipita. Akasimama kusikiliza, akashindwa kuendelea na safari, akaingia.

"Kiingilio, dada," Arsenio alimzuia.

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Siafu gani ana mshahara?"