Siku Mama Alipowakutanisha Waliokuwa Wananitibu

Mama yangu mzazi aliniuza, tena sebuleni kwetu Tengeru, chai ikiwa mezani...

Nafungua mlango, nakuta watu watatu ambao sikutaka kabisa wakae pamoja.

Daktari Sumari, aliyekuwa ananitundikia dripu. Nesi Brightness wa wagonjwa wa akili. Na shangazi Evaresta, dada wa baba, kiongozi wa kikundi cha maombi kanisani.

"Kaa, Violet," mama akasema, akafunga mlango kwa ufunguo.

Nikajua leo nimekwisha.

Wadau, hii ni miaka ya tisini. Mitumba ndiyo imemwagika sokoni, mabinti wanapendeza, mimi kila gauni linanipwaya. Mtaa ulishanihukumu: kakanyaga miwaya. Nikapima UKIMWI, sina. Wakasema nimemhonga daktari.

Ukweli? Nilikuwa naogopa chakula. Nikila, nazunguka nyuma ya migomba najitapisha. Mifupa imenitoka, lakini kwenye kioo namwona mtu mnene.

Na huu ugonjwa ni mjanja, jamani. Kila aliyenitibu ulimpa hadithi yake.

"Mimi aliniambia ni vidonda vya tumbo," daktari akasema.

"Kwangu anasema anakula vizuri, shida ni usingizi," akasema nesi.

Mama akageuka. "Na wewe, wifi?"

"Nilimwambia afunge, tumwombee."

Nesi akaweka kikombe chini taratibu. "Afunge mara ngapi?"

"Kila juma."



Mtu asiyekula alikuwa ameruhusiwa kutokula, tena kwa jina la Mungu, na daktari hana habari.

Nikasimama kwa hasira. "Mama, umenisaliti."

"Bora unichukie ukiwa hai."

Wakapanga palepale. Daktari anipime damu na uzito, nesi aongee nami, mama akae nami mezani mpaka mtori uishe na asiniache peke yangu baada ya hapo. Maombi yaendelee, mfungo basi. Na kila Ijumaa waambiane walichoona.

Halafu nesi akamtazama shangazi. Akatazama na mikono yake iliyokonda.

"Shangazi, mbona chai hujaigusa?"

"Nimefunga."

"Tangu lini?"

Shangazi hakumjibu yeye. Aliniangalia mimi.

"Tangu nikiwa na umri wako, Violet."



"Wifi, kesho tuanze na wewe," mama akasema, sauti imebadilika.

"Kwaresma ikiisha."

Nani angembishia kiongozi wa maombi? Tukamwacha.

Mimi nilipona polepole, kwa kuanguka na kuanza upya. Shangazi tulimzika kabla ya Pasaka. Msibani walimsifu kwa kufunga kwake, mimi nalia mpaka nakosa pumzi.

Wewe unayesoma, mgonjwa wa hivi usimzungushe, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wakalishe chumba kimoja waambiane. Na mtazame vizuri yule anayewapakulia wote halafu anasema atakula baadaye.

Sisi wa kwetu tulimwita mcha Mungu.