Bangili Iliyovuliwa Beersel

Leso nyeupe ilikuwa bado imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Bangili iliyokuwa ndani yake ndiyo haikuwepo.

Hidaya aliiweka leso hiyo mezani kwa Inspekta Claudine Nday, katika kituo cha polisi cha Schaerbeek, Ubelgiji, asubuhi ya Jumatatu moja ya Mei 1997. Alikuwa Mrundi wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu kule Bujumbura, mwanamke wa sauti ya chini. Alieleza kwamba bangili ile ya dhahabu ndiyo iliyokuwa mahari yake, na kwamba iliibwa jana yake katika ngome ya Beersel alipokuwa akiswali.

Kwa haki malalamiko hayo yangepelekwa kwa polisi wa kule kule Beersel. Lakini Claudine ndiye pekee kituoni aliyejua Kiswahili, Kiswahili cha kwao Lubumbashi, na mkuu wake alimwachia jalada huku akipiga miayo.

Mume wa Hidaya, Kadiri, alikaa pembeni akitazama viatu vyake. Kila mkewe alipotaja bangili, yeye alisema ni bora waache tu, kilichopotea kimepotea. Claudine alimtupia jicho. Mwanamume gani huyu asiyeumwa na dhahabu aliyoitolea jasho? Kadiri alikwenda kazini, naye Claudine akampakia Hidaya garini ili waifuate njia ile ile ya jana.

"Bon, maman Hidaya," alisema. "Niambie siku yote. Usiruke kitu."

Hidaya akaanza kusimulia, na hapo upelelezi ukageuka ndoto. Asubuhi walikuwa kwenye uwanja wa Grand-Place, wakila keki moja ya gofri watu wawili, sukari ikiwamwagikia nguoni. Kisha, kwa gari la kuazima, walikwenda kwenye kasri la Gaasbeek, kati ya miti mirefu. Kadiri alikuwa akizungumza! Tangu kaka yake auawe vitani Bujumbura, mwaka wa pili sasa, mwanamume yule alikuwa ameacha maneno. Waliishi kama wapangaji wawili, salamu na chakula, basi. Lakini jana, mbele ya kitanda cha kale chenye mapazia, alimnong'oneza mkewe kwamba malkia aliyelala pale bila shaka hakujua kusonga ugali. Hidaya alicheka hadi mlinzi akageuka.

Claudine, ambaye kila jioni alirudi kwenye nyumba isiyo na mtu kule Uccle, alijikuta akipunguza mwendo ili hadithi isiishe upesi.

Beersel iliwapokea kwa ukungu. Ngome ya matofali mekundu, minara mitatu, imezungukwa na maji yaliyotulia na mabata wasio na haraka. Mzee wa langoni alimkumbuka Hidaya na mumewe. Alisema saa ile ya alasiri ngomeni kulikuwa na mke na mume hao, na watalii wa Kiholanzi. Wengine hakuna.

Walipanda ngazi nyembamba hadi kwenye chumba kitupu cha mawe. Mlango ulikuwa kulia, dirisha kushoto. Hidaya alisimama pale pale aliposwalia. Leso, alisema, aliiweka dirishani.

"Ulivua bangili juu ya nini? Sababu ya udhu?"

"Udhu hauhitaji kuvua, Madame. Unaisogeza tu, maji yapite."

"Sasa?"

Hidaya aliusugua mkono wake. "Nilitaka kuuona mkono wangu ukiwa mtupu."

Likatoka lote. Alikuwa amechoka kuishi na ukimya. Alikwenda Matonge, mtaa wa Waafrika, kwa shangazi yake Kadiri, bi Hawa, akamuuliza mke anatokaje kwenye ndoa. Akajibiwa kwamba anaomba khului: anarudisha mahari, na ndoa inakwisha. Basi jana alitaka kuswali kwanza, halafu aamue.

Claudine alimuuliza kama alimwona mwizi.

"Nilikuwa kwenye sijda. Nilisikia hatua tu. Zilitoka mlangoni, zikasimama, zikanizunguka kwa nyuma mpaka dirishani. Zikarudi vile vile."

Claudine alikwenda mlangoni, akalitazama dirisha. Njia ya moja kwa moja ilikuwa wazi kabisa, ikipita mbele ya uso wa Hidaya.

"Mtalii wa Kiholanzi angepita wapi?"

"Hapo mbele. Njia si hiyo?"

"Sasa muntu gani anazunguka?"

Hidaya alifungua kinywa, akakifunika kwa mkono. Mwislamu hapiti mbele ya mtu anayeswali. Hilo mtoto wa Buyenzi hulijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Na ngomeni jana Waislamu walikuwa wawili tu. Hakukuwa na haja ya kutafuta alama za vidole. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni walimkuta Kadiri nyumbani, bado na nguo za kazi. Claudine hakukaa.

"Ulikuwa wapi mkeo akiswali?"

"Juu ya mnara."

"Ukashuka?"

Kadiri aliinama kuvitazama viatu vyake.

"Donc, papa Kadiri, muntu anaiba, halafu anaogopa kupita mbele ya swala?"

Kadiri alishusha pumzi ndefu.

"Kuiba niliweza, Mungu anisamehe. Kupita mbele ya swala yake sikuweza."

Alikwenda kabatini, akaitoa kofia ya marehemu kaka yake. Bangili ilikuwa ndani.

"Shangazi Hawa aliniambia ulichomuuliza," alisema, sasa akimtazama mkewe. "Ndiyo maana nikakupeleka kutembea, nikasema labda utanikumbuka nilivyokuwa. Halafu nikaona leso dirishani. Nikasema, asipokuwa na cha kurudisha, hawezi kwenda. Nimemzika kaka, nimeuacha mji wetu. Sikuwa na nguvu ya kukupoteza na wewe." Akamwekea bangili kiganjani. "Chukua. Ukitaka kwenda, nenda nayo."

Hidaya aliishika muda mrefu.

"Nilipotoa salamu ya kumaliza swala," alisema, "niliinuka nikaifuata dirishani. Unajua nilitaka kuifanya nini?"

Kadiri alitikisa kichwa.

"Kuivaa."

Mwanamume yule akalia, mbele ya polisi, bila aibu. Alipotulia, alinyoosha mkono aichukue bangili amvalishe. Hidaya akaurudisha wa kwake nyuma.

"Si hapa. Uliponiibia ndipo utanivalisha. Jumapili."

Sheria ya Ubelgiji haimwadhibu mume aliyemwibia mkewe, na Claudine hakuona adhabu ya kuongeza. Alikuwa ameshafika mlangoni Hidaya alipomfuata. Bangili ilikuwa ndani ya leso, imekunjwa pembe kwa pembe.

"Nitunzie wewe mpaka Jumapili, Madame," alinong'ona. "Nikikaa nayo mimi, nitaivaa usiku huu huu."