Njia ya Kwenda kwa Bwana Tremain

"Nchi mpya itazaliwa mezani kwetu," Effie Gillespie aliwatangazia wenzake kabla kengele ya shule haijalia. "Wageni wote wa mkutano watakula kwetu kwanza. Kwa akina Tremain watapita kunawa mikono tu."

Darasa likacheka. Harriet Tremain, aliyeketi dawati la mbele, alifungua kitabu cha hesabu akasema taratibu, "Haya, tutawawekea sabuni."

Darasa likacheka zaidi. Safari hii Effie hakupenda.

Wiki hiyo mji wa Charlottetown ulikuwa na habari mbili tu: sarakasi na mkutano. Sarakasi ilitangulia, ikajaza nyumba za wageni mpaka darini. Kisha ikatia nanga meli ya wanasiasa wa Kanada, iliyokuwa bado jimbo tofauti, waliokuja kuwashawishi watu wa majimbo ya pwani waungane nao wawe shirikisho moja. Hapakuwa na kitanda kilichobaki, hivyo waheshimiwa wakalala melini. Baba yake Effie alikuwa mjumbe wa Kisiwa, jimbo lao, mojawapo ya hayo ya pwani, upande wa serikali. Bwana Tremain alikuwa mjumbe pia, ila wa upinzani. Walikuwa majirani kwa miaka kumi na moja na hawakuwahi kukubaliana juu ya lolote, hata rangi ya uzio uliowatenganisha. Sasa walikalia benchi moja kukitetea Kisiwa.

Mchana Effie alifika nyumbani akihema. "Mama, mbona meza haijatandikwa?"

"Ya nini?"

"Ya wageni!"

"Wageni leo wanakula kwa Bwana Tremain. Walipiga kura, kwetu ni wiki ijayo. Shika kisu, umenye viazi."

Effie alimenya viazi viwili, akatoroka hadi kwenye uzio. Afadhali asingechungulia. Meza ndefu ilikuwa imetandikwa bustanini, imejaa chaza na kamba wakubwa wekundu, na Harriet akizunguka na gauni jipya la buluu kana kwamba yeye ndiye anayeunda nchi. Roho ilimuuma Effie kama jino bovu.

Magari ya farasi yakaanza kuingia. Baba yake alikuwa katika gari la kwanza. Gari la mwisho lilichelewa, likasimama barabarani mbele ya Effie. Ndani walikuwamo wajumbe wanne wa Kanada. Mzee mwenye ndevu nyeupe akatoa kichwa nje.

"Binti, wenzetu wametuacha. Kwa Bwana Tremain ni wapi?"

Lango lilikuwa hatua ishirini kutoka pale, limefichwa na miti. Effie akanyoosha kidole upande wa pili.

"Shukeni moja kwa moja, mpite kanisa. Mtaona hema kubwa jeupe. Amewaandalia humo."

"Hema zima! Kweli huyu bwana ni mkarimu," mzee alisema, na gari likaondoka.

Saa nzima ikapita. Bwana Tremain alitazama saa yake mpaka ikaona haya. "Wamenuna," alinong'ona mjumbe mmoja. "Asubuhi tuliwabana juu ya idadi ya viti vya Kisiwa katika bunge jipya."

Mara dereva wa gari lile akaingia mbio. "Mabwana, kuna balaa! Tumeelekezwa kwenye sarakasi, na nyani mmoja amechukua kofia ya mheshimiwa. Wanasema Kisiwa kimewatukana. Watatu wameshashuka bandarini wapande meli waondoke!"

Bwana Tremain aligeuka, uso mwekundu kuliko kamba wake. "Neil Gillespie! Kazi yako hii. Kijicho tu! Huwezi kuvumilia muungano ukijadiliwa kwenye meza yangu!"

"Nyumbani kwangu hakuna wa kufanya upuuzi huo," baba yake Effie alijibu. Akamwona bintiye kwenye uzio, akamwita. "Effie, umemwona mtu yeyote akiwaelekeza wageni?"

"Sijaona mtu, baba. Nilikuwa ndani namenya viazi. Labda ni watu wa sarakasi."

"Mmesikia? Binti yangu hasemi uongo."

Bwana Tremain alichukua kofia yake. "Sikai tena benchi moja na mtu huyu. Kisiwa kimtafute mwingine."

Ndipo lango likafunguliwa. Aliingia mzee wa ndevu nyeupe, kichwa wazi, viatu vimejaa tope. Alikuwa amekuja kutoa malalamiko yake mwenyewe. Alipomwona Effie akasimama.

"Aa! Kiongozi wetu wa njia, huyu hapa."

"Effie?" baba yake aliita.

"Nilitaka wale kwetu kwanza," Effie alisema, machozi yakamtoka.

Mzee aliketi, akavua kiatu, akakung'uta tope. "Unajua kwa nini tumesafiri mbali hivi, mwanangu? Kwetu tumeoneana wivu miaka mingi, kila upande ukitaka meza iwe yake, mpaka serikali imekwama. Tazama wivu wako ulivyofanya. Jirani amekosa wageni, baba yako amekosa heshima, nawe hujala hata kamba mmoja. Lakini kilichotaka kuvunja mkutano ni ule uongo wa pili, niliousikia nikiwa langoni. Kosa ungelisema mapema, tungecheka tukala."

Bwana Tremain akarudisha kofia mezani. "Neil, nimekushuku bure."

"Nami nimemtetea binti yangu bure," baba alijibu, wakapeana mikono.

Dereva alitumwa bandarini kuwarudisha wale watatu. Alasiri hiyo walibishana juu ya viti vya Kisiwa midomo ikiwa imejaa chaza. Hawakukubaliana, lakini hakuna aliyeondoka mezani.

Effie alipelekwa jikoni kumwomba radhi Harriet, aliyekuwa akipanga sahani.

"Nisamehe. Yule mzee aliuliza haraka haraka, nami nikanyoosha tu kidole bila kufikiri."

"Effie, mimi nilikuwa dirishani."

"Tangu lini?"

"Tangu gari liliposimama. Ulinyoosha kidole, ukawapungia mkono, halafu ukacheka mpaka ukakaa chini."

"Mbona hukunisema?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," Harriet alisema, akamkabidhi kitambaa cha kufutia sahani. "Na bado nangoja."