Bomba la Nyuma ya Kitanda cha Mama

"Nisikilize vizuri, mangi. Nikifungua linakoroma hivi: ngurrrr! Nikifunga linapiga ukuta: du! du! du!"

Aika alikuwa kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, jirani na soko la Kilombero, na Jumamosi ile hata pa kutema mate hapakuwapo. Gauni lake la kitenge cha njano lilimkaa utadhani kashonewa akiwa amelivaa, na kila "du!" aliisindikiza kwa ngumi juu ya kaunta. Muuzaji aliduwaa. Wateja walicheka.

"Dada, hilo bomba linaumwa au liko kwaya?"

Aika aligeuka amtukane mtu. Akakutana na kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, viatu vya matairi, bangili ya shanga, na tabasamu lisilo na adabu hata kidogo. Tusi likamyeyukia mdomoni.

"Liko kwaya. Linaimba besi. Wewe ndiye mwalimu wake?"

"Naitwa Simel, fundi bomba. Yakiniona tu yananyamaza."

"Basi njoo kwetu Sakina, yero wa Kimasai. Mama yangu ameapa likikoroma tena anarudi kwao Machame."

Simel akaja. Mabomba ya nyumba ile yalipita juu ya ukuta, hayakufukiwa ndani, na klipu za kuyabania zilikuwa zimelegea. Ukifunga koki kwa ghafla, maji yanagonga, bomba linaruka.

"Halina ugonjwa," alisema Simel. "Linataka kushikwa tu."

"Nani hataki?" alijibu Aika, kisha akajifanya anakagua dari.

Kuanzia hapo kazi ikakosa haraka. Jikoni kukapewa siku yake, koridoni siku yake. Vikombe vya chai ya maziwa vilivyonywewa vilizidi klipu zilizofungwa. Jioni Simel akapiga simu.

"Mpenzi, bomba la jikoni linaniulizia?"

"Linalia usiku kucha. Mimi simo."

Likabaki bomba moja, la chumbani kwa mama. Mama Hedwiga, mwanamke mpana wa sauti na wa mwili, alifungua mlango mwenyewe. "Ingia, mwanangu. Lipo hapo nyuma ya kitanda."

Simel aliganda mlangoni. Akatazama kile kitanda, akatazama chini. Akaweka begi la vifaa sakafuni, akasema anafuata spana, akaondoka. Spana ilikuwa ndani ya begi!

Aika alipiga simu, haikupokelewa. Ujumbe ukaingia: *Nitakutafutia fundi mwingine.*

Fundi mwingine? Maneno yale yalimchoma kuliko kuachwa hadharani. Siku zikapita. Akawaza: ana mke. Akawaza: ameona kitanda cha mama kimechakaa, akatudharau. Alilia kidogo, akapiga chafya, akakasirika. Hakuwa mtu wa kuachwa nusu, liwe penzi au bomba.

Asubuhi moja alijifunga khanga kiunoni, akasukuma kitanda cha mama kwa bega, akamwaga vifaa vya Simel sakafuni, akapiga simu na kuiweka sauti ya nje. Safari hii ilipokelewa.

"Simel, leo nalifunga mwenyewe. Niambie mambo mawili: kosa langu, na pa kuanzia."

"Aika, utajigonga..."

"Pa kuanzia!"

"Mtu huanza kwa kufunga koki kubwa ya nje. Lakini imeshafungwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Niko hapa kwenye mita yenu. Tangu juzi nakuja kila asubuhi, naogopa kubisha."

Nyundo ilimponyoka Aika. "Umesimama kwenye mita na huwezi kuingia ndani? Nyumba yetu inanuka?"

"Siwezi kuingia chumba hicho. Kwetu Oldonyo Sambu mwanaume haingii anapolala mama mkwe wake."

Aika akaiinamia simu. Hata bomba lilisikiliza.

"Mama mkwe wa nani?"

"Wangu. Nikiingia kama fundi, nitakuja kuoa kwa uso gani?"

Mama Hedwiga, aliyekuwa amesimama na mto kifuani, alilipuka: "Kwetu fundi ni fundi! Ningempa na chai humo humo!"

"Shikamoo, mama," simu ilisema kwa woga.

"Marahaba! Sasa mwelekeze mwenzio, nataka kulala!"

Akaelekezwa. Kipande cha mpira wa tyubu nyuma ya bomba, klipu juu yake, msumari wa zege, piga. Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili ukamchubua kidole. "Pumzika, kipenzi," alisema Simel. "Pumzika wewe!" alijibu, akapiga hadi bomba likakaa ukutani kama mtoto mgongoni.

"Fungua maji!"

Simel akafungua koki ya mita, Aika akafungua ya ndani na kuifunga kwa ghafla. Hakuna kukoroma, hakuna du. Mama Hedwiga akajitupa kitandani papo hapo, kitanda kikiwa bado katikati ya chumba.

Aika alitoka nje na vumbi la ukuta kwenye nyusi. Simel alikuwa amechuchumaa kando ya mita, magoti yamelowa.

"Jumapili naja na wazee," alisema.

"Wazee watamuuliza mama. Mimi nani ataniuliza?"

Simel akasimama, akajifuta mikono, akakosa utani kwa mara ya kwanza. "Aika, utaolewa na mimi?"

Aika akampa kile kidole chenye damu akishike.

"Nitaolewa. Ila nyumba utakayojenga, chumba cha mama kisipitiwe na bomba hata moja. Mimi leo nimestaafu."